Naomba neno la Kiswahili la kuuza mzigo ambao bado uko China

MamaPea

Habari za jioni wadau. Nina shida ya neno. Shida ya mtaji nayo ipo, lakini leo tuiache ipumzike.

Nauza viatu vya kike na vya shule, niko Mbagala. Duka sina. Nina chumba kimoja cha stoo na simu. Wakala wangu aliyeko Guangzhou ananitumia picha, natupia kwenye stetasi na kwenye grupu, anayetaka analipa nusu. Zikifika pea sitini hivi tunanunua, mzigo unapanda meli. Mwezi na nusu, Mungu akipenda, unaingia Dar, mteja anamalizia nusu yake na kubeba kiatu. Vya haraka vinakuja kwa ndege, ila huko vinapimwa kwa kilo na faida yote inaishia angani.

Sasa hilo neno. Mwanzoni niliandika PRE-ORDER kwa herufi kubwa, na moto pembeni, kama wenzangu wote. Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, mama kutoka Kongowe kanigongea mlango na mtoto mkononi. "Nimekuja kuchukua vile vya Priooda." Alidhani ndiyo kampuni inayotengeneza viatu. Mtoto kashavuliwa ndala, kakaa kwenye ngazi na kanyoosha mguu, anasubiri kuvalishwa. Nilimpa chai na andazi, nikamweleza taratibu. Hakukasirika, ila alinitazama kama mtu anayetazama mganga wa kienyeji.

Nikabadilisha, nikaandika "Zinakuja". Nikapata majibu mengi kweli: "zikija nishtue", "na mimi nishtue", "dada usinisahau". Watia nia arobaini na tatu, waliotoa hela wanne. Hata uchaguzi hauko hivyo.

Nikaandika "Oda zinapokelewa". Hiyo ilileta hela kidogo, lakini huku kwetu ukisema oda mtu anawaza chipsi. Unatoa oda, unakaa, inakuja na kachumbari. Kuna mdada aliweka oda saa nne asubuhi, saa tisa ananiuliza bodaboda kafika wapi. Bodaboda yuko bahari ya China, mdogo wangu.

Mume wangu akasema andika "malipo ya awali", ndiyo Kiswahili fasaha. Nikaandika. Watu wakaniuliza riba ni asilimia ngapi. Wamechoka na mikopo ya kausha damu, ukitaja malipo tu wanakimbia.

Nataka neno moja, mawili yakizidi, linalosema kwamba mzigo haupo, hela inatangulia, na mimi si tapeli. Na kama mna neno la ile kazi ya kutangaza kitu kabla hakijafika, nipeni pia. Maana nikisema "natangaza", mtu anajua kipo.

---

Winga wa Msimbazi

Da MamaPea, umekuja kwa wenyewe.

Kariakoo tunasema mzigo uko njiani. Hata kama haujanunuliwa, uko njiani. Hata kama hujaamka, uko njiani. Ile nusu anayotoa mteja tunaiita kishika uchumba. Ukisema hivyo mteja anacheka, na akicheka mkono unaingia mfukoni. Anaelewa pia kwamba ameshika, hajaoa. Kiatu bado kiko kwa wazazi wake.

Kutangaza kabla ni kurusha roho. Unatupia kisigino tu leo. Kesho unatupia mkanda. Keshokutwa kiatu kizima halafu unaandika "nimebakiwa na nafasi saba". Wanagombana wenyewe.

Ila chunga mstari. Ukirusha roho, ukakusanya vishika uchumba, halafu mzigo usionekane, jina linabadilika. Hapo umeuza hewa. Na mtu aliyeuziwa hewa haandiki maoni kwenye grupu, anakuja na mjumbe wa nyumba kumi.

---

Kibanja_Kimoja

Mimi niko Muleba. Msicheke sana, kwetu neno la kuuza kitu kabla hakijawa lipo tangu zamani na limetoa watu machozi. Linaitwa butura.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti. Mara nyingine ni kijani kibichi, mara nyingine ni maua meupe tu yananukia. Mkulima ana ada ya mtoto, au ana mgonjwa, na mavuno yako mbali. Anakuja mwenye hela. Mnazunguka naye kibanja, mnapita katikati ya migomba, anagusa matawi, anahesabu miti. Anataja bei ambayo wewe mwenyewe unajua ni ya kukuonea, lakini mtoto yuko nyumbani na shule imefunguliwa. Unapokea. Msimu ukifika unachuma kahawa ambayo si yako kwenye kibanja chako.

Baba yangu aliuza butura mwaka niliopaswa kuanza kidato cha kwanza. Nakumbuka siku ya kuchuma alikuwa hazungumzi. Mama alikuwa anaimba kidogo kidogo, baba kimya, na yule mwenye hela kakaa kwenye kiti chetu kizuri anaangalia magunia. Nilisoma, sikatai. Lakini neno hilo nikilisikia nanusa maua ya kahawa na tumbo linanikaza.

Viongozi kila mwaka wanapiga marufuku butura Kagera nzima, na kila mwaka ada zinadaiwa. Kusini kwenye korosho nako kuna kangomba, wanunuzi wa pembeni wanaopima kwa vyombo vyao, na mara nyingi hela yao huwa imemfikia mkulima kabla ya msimu. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi kwanza wahakiki mashamba, ili mwenye magunia aonyeshe na mikorosho yake.

Kwa hiyo dada, neno lolote utakalochagua, angalia ni nani ana shida kati yenu wawili. Kwenye butura anayepokea hela kabla ndiye mnyonge. Kwako wewe anayepokea hela kabla ndiye mwenye nguvu. Ni biashara ileile imegeuzwa miguu juu.

---

MamaPea

@Kibanja_Kimoja hiyo ya maua imenikalisha. Asante.

@Winga, nilishajaribu kurusha roho. Nilitupia kisigino tu kama unavyosema. Watu wakauliza kama nauza visigino.

---

Mwalimu wa Ngamiani

Mwanangu MamaPea, shikamoo za vijana nimeshazipokea kwa niaba yao, maana hakuna aliyetoa.

Neno la ile hela ya kutangulia lipo, na ni la zamani kuliko sisi sote hapa: arubuni. Tanga hapa ukienda kwa seremala kuagiza kitanda, unatoa arubuni. Ukitaka kiwanja, unaweka arubuni ili mwenye nacho asimpe mwingine. Limetoka Kiarabu, na ni neno lililotembea kweli kweli, maana hata Kigiriki cha kale kilikuwa nalo, nacho kilikopa kwa lugha za upande huohuo wa Mashariki. Ndiyo maana wenzetu Wakristo wanalo katika Biblia ya Kiswahili: Paulo anawaandikia Waefeso kwamba Roho ni arabuni ya urithi wetu. Kwa maana hiyo msikitini litaeleweka na kanisani litaeleweka. Biashara inataka nini zaidi?

Na uzuri wake ni kwamba arubuni haitolewi kwa kitu ulichokwisha kukibeba. Mtu akisikia arubuni anajua kitu chenyewe bado. "Malipo ya awali" halina utamu huo. Ni neno la ofisini, limevaa tai.

Ama kuuza chenyewe kabla hakijawepo, hapo pana uangalifu. Katika fikihi, yaani sheria za Kiislamu, kuna mlango mzima wa bei ya salamu: si ya kuamkiana, ni kuuza kwa malipo yanayotangulia. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda ya mwaka mmoja au miwili mbele. Hakuwakataza. Aliwaambia anayetanguliza malipo na afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Sasa soma matangazo ya siku hizi. "Mzigo uko njiani." Njia ipi? "Karibuni unaingia." Karibuni ya lini? Na katika salamu hela hutolewa yote palepale, si nusu, kwa hiyo ya kwako si salamu kamili. Pia ipo hadithi mashuhuri: usiuze usichokuwa nacho.

Hapo ndipo lilipo neno lako, na sijui kwa nini mnalizunguka. Wewe huuzi. Wewe unaagizia. Kuagiza ni kwa mteja. Kiswahili kimekupa kiambishi kidogo tu cha kumtendea mtu: pika, pikia; nunua, nunulia; agiza, agizia. Andika "NAAGIZIA VIATU". Hakuna mtu atakayekuja na mtoto Jumamosi, kwa sababu kilichoagizwa hakipo mezani. Wanaoleta magari kutoka Japani wanasema hivyohivyo kila siku: tunakuagizia gari. Hakuna anayekwenda kwao na dereva.

La kutangaza: tofautisheni kunadi na kudokeza. Anayenadi ana kitu mkononi, ndiyo maana mnada una ng'ombe waliosimama. Anayedokeza anakupa habari tu. Na kionjo, ambacho vijana wa filamu na muziki wamekishika, kinafaa ukiwa na sampuli. Asiye na chungu haonjeshi. Kupiga debe nako mnakupenda sana, lakini wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma.

Niwape na kisa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zilipokuwa adimu, tulikuwa tukisikia sukari itafika duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, basi usiku tunakwenda kuweka foleni. Mtu hakai usiku kucha, anaweka jiwe. Langu lilikuwa jiwe la matumbawe lenye tundu, kila mtu analijua. Asubuhi unafika, unasimama nyuma ya jiwe lako. Wengine waliweka kopo, wengine kandambili moja. Siku nyingine sukari haiji, tunaacha mawe palepale na kurudi kazini. Halafu ikaja 1983, msako wa Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, na neno ulanguzi likawa la kutisha kuliko wizi. Ile ndiyo ilikuwa oda yetu: jiwe, bila hela, na hakuna aliyelisogeza.

---

Mwana wa Kibokoni

Hamjambo huko. Mimi ni fundi wa nguo, Mombasa, Mji wa Kale. Mwalimu kanifurahisha kwa arubuni, kwani sisi twalitumia kila uchao.

Lakini nataka kuongeza jambo moja la arubuni ambalo halisemwi: yamfunga nani? Mwezi wa Ramadhani ukianza, napokea kanzu na mabuibui ya Idi. Mteja asiyetoa arubuni simkatii kitambaa hata awe binamu yangu. Akitoa, nimefungika mimi, sina ruhusa ya kumwambia siku ya mwezi ishirini na tisa eti mashine imeharibika. Na yeye pia amefungika, asinijie kesho akataka rangi nyingine. Mwaka mmoja nilikula arubuni za watu wengi kupita mikono yangu. Mwezi ukaandama nikiwa na kanzu kumi na nne hazina kola. Nilishona hadi adhana ya alfajiri, na wawili walisali Idi na kanzu za mwaka jana. Hadi leo mmoja akinipita msikitini hunishika kola ya kanzu yangu, asema "hii ilikuwa tayari mapema".

Huku Kenya pia kuna lipa polepole, lakini hiyo si yako MamaPea. Lipa polepole wabeba kitu nyumbani kwanza, wadaiwa baadaye. Yako ni kinyume chake, mteja ndiye anayekudai wewe. Usije ukaliazima, utawachanganya.

---

MamaPea

Ya kwetu ya kulipa kidogo kidogo tunaita kudunduliza, na hiyo nayo ninayo. Kuna wamama wananiletea elfu mbili mbili kila Ijumaa mpaka kiatu kinatimia. Nawaandikia kwenye daftari.

Mwalimu, shikamoo, tena mara mbili. "Naagizia" nimeipenda mno. Imekuwa mdomoni kwangu miaka yote sikuiona. Hata mama yangu akinituma husema "niagizie dagaa wa Kigoma kwa huyo shoga yako".

---

Winga wa Msimbazi

Shikamoo mwalimu. Nakubali neno, ila acha nitie ubishi.

"Naagizia" ni neno la kukwepa lawama. Ukiniuzia kiatu kikaja kibovu, kibovu chako. Ukiniagizia kikaja kibovu, unaniambia "mimi nilikuagizia tu, aliyekosea ni Mchina". Mawinga tunaujua mchezo huo, sisi ndio walimu wake. Mteja anasimama dukani kwa mtu mwingine, mimi namuuzia kama changu, kikiharibika nasema mwenye duka kafunga.

Halafu arubuni. Vijana wa Tandale hawalijui. Ukiliandika watadhani umeandika "karibuni" ukakosea.

---

Kibanja_Kimoja

Winga amegusa penyewe. Kwenye butura mvua ya mawe ikipiga maua, hasara ya nani? Mwenye hela anasema mimi nilinunua magunia kadhaa, niletee. Mkulima anasema ulinunua miti hii, angalia ilivyo. Wanaishia kwa mwenyekiti wa kijiji. Na ni kwa sababu neno ni moja, kumbe kila mtu alisikia lake.

---

MamaPea

Nakiri, Winga kanishika pabaya. Niwasimulie.

Mwaka jana niliagizia viatu vya shule, vya ngozi, vya kufunga kamba. Nilipofungua boksi la mwisho, la namba 34, pea kumi na mbili zote za kushoto. Ishirini na nne, zote za kushoto. Nilikaa chini stooni nikawa navipanga kama mtu anayecheza bao, labda nimekosea kuona. Muuzaji wa kule akaniambia vya kulia vitafuata na mzigo mwingine. Hadi leo havijafuata. Sijui huko aliko kuna mama mwenzangu ana ishirini na nne za kulia.

Wazazi kumi na wawili walikuwa wameshatoa nusu. Wakati ule nilikuwa naandika "pre-order", na hakuna aliyejua hilo neno linamaanisha hasara ni ya nani, hata mimi. Nilirudisha zote, moja moja, mpaka mwezi wa tano. Mmoja alikataa hela akaomba apewe viatu vya kushoto viwili. Sikumuuliza vya nini.

Kwa hiyo Winga una haki. Neno tu halitoshi, lazima lifuatwe na ahadi. Mwalimu kasema kipimo kijulikane na muda ujulikane. Nimekaa leo mchana nikaandika hivi, nisahihishieni:

*NAAGIZIA viatu vya shule, vya ngozi, vyeusi, namba 28 hadi 39. Sasa hivi viko kiwandani China, nyumbani sina hata pea moja, usije bado. Arubuni (kishika kiatu) ni nusu ya bei. Nafunga kuagiza tarehe 14. Vinakuja kwa meli, unavipata kabla shule hazijafunguliwa Januari. Visipofika siku ya kufungua, au vikija vibovu, arubuni yako inarudi yote, hasara ni yangu.*

"Kishika kiatu" nimemwekea Winga na vijana wake wa Tandale. Na picha nitatupia ya kiatu kizima, nikiandika juu yake "Nadokeza".

---

Mwalimu wa Ngamiani

Sina la kusahihisha. "Kishika kiatu" nitakiiba.

---

Mwana wa Kibokoni

Hilo la "usije bado" ndilo bora kuliko yote. Nitaliandika mlangoni kwangu Ramadhani.

---

Winga wa Msimbazi

Sawa, mmenishinda. Nina mtoto anaanza darasa la tano. Dada, 36 nyeusi umebakiwa nazo?

---

MamaPea

Hazijabaki, hazijaja. Nakuagizia?

---

Winga wa Msimbazi

Niagizie. Moja ya kushoto na moja ya kulia.